Aliyelifuta Gari Chini ya Mkorosho

Sitaki kuanza kwa kusema niliambiwa na fulani aliyeambiwa na fulani. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijanywa, siumwi homa, na jua lilikuwa linakaribia kuchomoza. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningesimuliwa na mwingine ningecheka kwanza, halafu ningeuliza kama huyo msimuliaji ana watu wa kumwangalia nyumbani.

Kazi yangu ni kukagua rangi za magari. Nakaa Kibaha, pale Picha ya Ndege, na nina kibanda cha kuosha na kupiga polishi. Lakini kilichonipa jina mjini si polishi, ni mkono. Mtu akitaka kununua gari lililotumika huja kunichukua, tunakwenda wote kuliona. Mwenye gari ataapa kwamba halijawahi kugongwa, nami sitabishana naye. Nitachuchumaa, macho yawe sawa na mlango, niangalie mwanga unavyoteleza kwenye bodi. Kisha nitatoa ile nailoni nyembamba inayofunika pakiti ya sigara, nivivalishe vidole viwili, nivipitishe juu ya rangi taratibu. Amini usiamini, ukiivaa nailoni ile vidole vinasikia kuliko vikiwa vitupu. Chembe ya vumbi iliyojibanza kwenye rangi unaisikia kama mchanga kwenye wali. Mangi wa duka la jirani ananiwekea nailoni hizo, na wageni wa mtaa wanadhani mama mzima kama mimi navuta sigara.

Wakaguzi wengine hutembea na sumaku. Wanajua sumaku hushika bati, lakini haishiki pati, ule uji unaokauka ukawa mgumu ambao mafundi huzibia mahali palipobonyea kabla ya kupaka rangi mpya. Mimi nilikuwa nawacheka. Nilikuwa nawaambia sumaku ni fimbo ya kipofu. Mdomo wangu ulikuwa mrefu sana siku zile.

Sasa sikiliza aibu yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa naosha mikono kwa thina, bila glavu, kila jioni, kutoa madoa ya rangi. Ikaanza ganzi kwenye ncha za vidole. Nikasema itapita. Haikupita. Ikafika siku nikashika sufuria la moto na kujua kwamba naungua baada ya kusikia harufu. Mkono wa kulia, ule unaonilisha, ulikuwa haunisikii tena. Ningemwambia nani? Nani angemchukua mkaguzi mwenye mkono uliolala? Nikaendelea kuvaa nailoni, nikaendelea kufumba macho kama mtu anayesikiliza kitu, nikawa nabahatisha. Miezi minane nilikula kwa kubahatisha, Mungu anisamehe.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Neema, muuguzi anayekaa Sofu. Mama yake anaumwa figo, inabidi apelekwe Dar mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, alfajiri kabla foleni haijaanza. Neema alikuwa amejibana miaka mingi apate gari la mama. Amelipata moja, akaniambia, liko kijijini ndani ya Kisarawe, la mjane mmoja. Bei nzuri, limetunzwa.

"Fundi, mimi magari siyajui," akasema. "Ukisema ndiyo, nanunua. Ukisema hapana, naacha. Nimemaliza."

Nilijibu "usijali" kwa sauti kubwa. Usiku ule sikulala vizuri.

Tulikwenda siku ya Alhamisi mchana, kwa bodaboda mbili, njia ya vumbi. Mjane tulimkuta anachambua kisamvu barazani. Nitamwita Bi. Chausiku, jina lake lenyewe nalihifadhi. Mama wa makamo, mkarimu, kicheko karibu karibu. Mumewe, Mzee Pazi, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, mahali pale pale alipoliegesha marehemu mara ya mwisho.

Unaujua mkorosho? Wenye magari wanaujua. Mabibo yakiiva yanadondoka, maji yake yanaacha doa linalokula rangi mpaka ndani. Ongeza majani, ongeza utomvu, ongeza ndege na mambo yao. Gari likikaa pale msimu mmoja tu, mimi nakuwa na kazi ya siku mbili. Hili lilikuwa limekaa miaka mitatu.

Lilikuwa linang'aa. Rangi ya bluu iliyoiva, karibu nyeusi, na matawi ya mkorosho yalionekana ndani ya boneti jani kwa jani. Chini, kuzunguka matairi, mabibo yameoza yametapakaa, inzi wanavuma. Juu ya bodi hapakuwa na hata tone moja. Neema akaninong'oneza, "Fundi, si limepakwa juzi hili? Wanaficha kitu."

Bi. Chausiku alikuwa na masikio. "Wallahi, mwanangu," akasema, mkono kifuani, "tangu marehemu alinunue halijaguswa hata na baiskeli. Na tangu afe hakuna anayelifuta. Mimi na mgongo huu nitafuta gari? Naliona tu liko hivyo. Labda ni upepo."

Nilichuchumaa. Macho yangu bado yalikuwa mazima, na yaliniambia kwamba rangi ile haikuwa ya juzi. Ilikuwa na mikwaruzo midogo midogo ya kufutwa na kitambaa kikavu, kama nusu mwezi, mamia kwa mamia, na yote imepindia upande mmoja. Mtu wa mkono wa kushoto. Rangi mpya haina mikwaruzo hiyo. Kwa hiyo kulikuwa na mtu anayefuta, na anafuta kila siku. Nikajiambia mama huyu anatudanganya.

Nilipofika ubavu wa nyuma, kulia, juu ya tairi, niliona mwanga umeyumba kidogo. Au kilikuwa kivuli cha jani? Hapo ndipo mkono unapotakiwa kusema. Nikavaa nailoni, nikapitisha vidole mara moja, mara mbili, mara tatu. Kimya. Nilikuwa kama napapasa hewa. Neema amesimama nyuma yangu, anasubiri neno litakalomwendesha mama yake barabarani alfajiri.

Nikasema jua limekuwa juu, vivuli vya majani vinanichanganya, rangi husomwa vizuri asubuhi jua likiwa chini. Hilo ni kweli kabisa, fundi yeyote atakwambia. Lakini mimi nilikuwa nakimbia. Bi. Chausiku akafurahi kupata wageni wa kulala. Tulikula wali na kisamvu, tukaongea, baadaye akafagia uwanja wake kwa chelewa mpaka nyuma kwenye gari, kisha akaingia chumbani kwake kusali, akafunga mlango. Tulisikia harufu ya udi tu. Sisi tukalala chumba cha pili.

Adhana ya alfajiri iliponiamsha nilisubiri kidogo, kisha nikatoka peke yangu. Nitakuwa mkweli: nilitaka nifike kwenye gari kabla ya Neema, nipange uongo wangu kwa utulivu. Nilikuwa nimeshaamua kusema ndiyo. Gari linang'aa, mama anaapa, macho yameona kivuli tu. Kwa nini nijiaibishe?

Kulikuwa na mzee anafuta gari.

Amevaa msuli na fulana nyeupe, kipande cha kanga begani, kipande kingine mkononi. Mkono wa kushoto. Sikushtuka hata kidogo, niamini. Nilifurahi, maana nimemkamata mfutaji. Nikajua ni shemeji wa nyumba ile, au jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Salama. Lakini mzee wangu, usifute gari kavu. Unalikwaruza."

Akacheka taratibu. "Ndivyo nilivyozoea, mwanangu. Nilifikiri likiwa safi hakuna atakayeuliza. Kumbe ndiyo kwanza wanauliza."

Sikumwelewa. Nikasogea nimwonyeshe namna ya kukunja kitambaa, na ndipo nilipouona umande. Gari lilikuwa limejaa umande, matone mazuri ya mviringo, boneti nzima. Kile kitambaa kilikuwa kinapita juu yake, kinakwenda na kurudi, na matone hayatoki. Hayavunjiki. Hayasogei hata kidogo. Mkono wa yule mzee ulipita juu ya maji kama kivuli kinavyopita juu ya maji, ila jani lililokuwa limeanguka katikati ya boneti halikuwepo tena baada ya yeye kupita.

Nilisimama pale. Je, niliogopa? Niliogopa, ndiyo. Lakini woga haukuwa mkubwa kuliko kitu kingine ambacho hata leo sijui nikiite nini. Nilijisikia kama nilivyojisikia siku nilipobatizwa, nikiwa binti mdogo kule kwetu bara, kwamba nimesimama karibu sana na jambo lisilo la saizi yangu. Sikutaka kupiga kelele. Nilitamani kuvua viatu.

"Jana ulipita hapa mara tatu," akasema bila kugeuka, akigusa ule ubavu wa nyuma. "Hukusikia kitu. Mkono wako umelala."

Hakuna aliyejua. Mume wangu hakujua. Machozi yakanitoka palepale.

"Weka hapa," akasema.

Nikaweka kiganja juu ya bati, bila nailoni. Akaweka wake juu ya wangu. Haukuwa na uzito. Ulikuwa na ubaridi wa maji ya mtungini, na ubaridi ule ukaingia, ukapanda vidole kimoja kimoja, na vidole vyangu vikafunguka.

Nikueleze vipi? Nilisikia maji ya umande yakipasuka chini ya ngozi yangu, tone moja moja. Nilisikia ile rangi ya juu isiyo na rangi tunayoiita klia, chini yake bluu, chini yake praima inayotangulia rangi, chini yake bati lenyewe na baridi yake. Nilisikia kila mkwaruzo wa kile kitambaa, asubuhi baada ya asubuhi, na nikajua asubuhi zipi alikuwa na haraka na zipi alikuwa na huzuni. Nilisikia mahali kwenye ukingo wa buti ambapo Bi. Chausiku alikuwa akiegemea kiuno akimsubiri mumewe atoke. Nilipapasa gari lile nikilia kama mtoto, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kujua kwamba rangi inabeba vyote hivyo.

Kisha mkono ukafika juu ya tairi. Pati. Nene kama mkate, imelala kwenye bonde refu, na chini yake bati limeshaanza kuoza na kuvimba. Mwaka mmoja zaidi lingepasukia nje.

Mzee akaniambia, na nayaeleza kama alivyoyasema. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, mkewe akamsihi aache kuendesha. Akakataa. Wiki hiyohiyo, Mlandizi, akarudi nyuma akagonga nguzo. Angerudi vipi nyumbani na gari limebonyea baada ya kubisha vile? Akalipeleka kwa fundi palepale, akampigia mkewe simu kwamba amefiwa na rafiki yake Kondo, inabidi akae matangani siku tatu. Na Bi. Chausiku, kwa moyo wake ule, akamtumia rambirambi. Nayo ikamlipa fundi.

"Hakuna Kondo," akasema. "Nilimtunga kwenye simu. Nikasema hana mke wala mtoto, asije akataka kwenda kuwapa pole. Akamhurumia. Kila Alhamisi anamwombea Kondo kwanza, kwa kuwa hana wa kumwombea. Mimi ananitaja mwisho."

Nikapata ujasiri wa kuuliza kwa nini hakumwambia mwenyewe.

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka minane baada ya siku ile, nikashindwa. Sasa nitaweza?" Akakunja kile kipande cha kanga. "Na kila akiwaapia wanunuzi kwamba halijaguswa, mimi narudi kufuta. Mwambie aniondoe kwenye kiapo chake."

Niliinama kuutazama ule ubavu. Nilipoinua uso nilikuwa peke yangu. Uwanja uliofagiwa jana jioni ulikuwa na mistari ya chelewa bado, safi kabisa, na nyayo zilizoikanyaga zilikuwa za mtu mmoja. Nilizipima kwa mguu wangu. Zilikuwa zangu.

Ndani walikuwa wanakunywa chai. Neema akauliza, "Eh, fundi? Ndiyo au hapana?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu, kuliko hata kule nje. Nilimwambia Neema kwanza habari za mkono wangu. Miezi minane, ganzi, kubahatisha, na kwamba jana sikusikia chochote. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Kisha nikamgeukia mwenye nyumba, nikasema gari liligongwa nyuma, kulia, na limezibwa pati.

"Unamtukana marehemu wangu," akasema Bi. Chausiku. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni. "Umekula wali wangu halafu unamtukana marehemu wangu ndani ya nyumba yake."

Nikamwomba sumaku. Mimi, niliyekuwa nawacheka wenye sumaku! Akaleta redio mbovu kutoka uvunguni, tukaitoa ile ya kwenye spika, akaifunga yeye mwenyewe kwenye kitambaa na kwenda nayo. Mlangoni ilishika. Kwenye buti ilishika. Juu ya tairi akaiweka, ikaanguka. Akaiokota akaiweka tena, ikaanguka. Mara ya tatu akaisukuma kwa kiganja, kana kwamba anaweza kuilazimisha, na alipoachia ikaanguka tena mchangani.

"Nani kakwambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nikamwambia yote. Mkono wa kushoto, kanga begani, nguzo ya Mlandizi. Nilipotaja Kondo aliliegemea gari.

"Kondo asiye na mke wala mtoto?"

"Hakuwahi kuzaliwa, mama."

Akacheka. Alicheka mpaka mwili ukatikisika, mpaka Neema naye akaanza kucheka bila kutaka. "Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja namsomea yasini mtu hewa! Pazi wewe!" Akalipiga gari kofi, kama anavyopigwa mume bega. Kisha kicheko kikakatika. Akakaa chini, mchangani, kando ya tairi.

"Na wewe nilikuwa nakutaja mwisho," akasema, akiliambia gari. "Nikiwa nimeshachoka, nasinzia."

Sisi tukaondoka pale tukamwachia nafasi.

Neema alilinunua, maana sasa alijua anachonunua. Bi. Chausiku alimwonyesha mwenyewe, mbele ya majirani wawili, akaweka kidole palipo na pati akasema liligongwa hapa, na mume wangu alinificha. Hakuapa tena. Baada ya wiki tatu tulipokwenda kulichukua, sikulitambua. Majani, vinyesi vya ndege, madoa ya mabibo mlango hadi mlango. Nilifanya kazi siku mbili, nikakwangua pati yote, tukakata bati bovu, na sikuweza kuyatoa madoa yote. Linapita barabarani sasa, mama wa Neema amekaa mbele, na kuna doa moja kwenye boneti ambalo halitatoka mpaka gari life.

Mkono wangu ulirudi na haukuniacha tena. Lakini haukurudi bure. Siwezi tena kulainisha neno. Kuna siku rafiki yangu alikuwa anauza gari lake, akanikonyeza, nami nikamwambia mnunuzi "ni kamkwaruzo kadogo tu". Ganzi ilinipanda kabla sijafunga mdomo, vidole, kiganja, mpaka kwenye kiwiko. Siku nne sikuweza kujifunga kanga. Nilimtafuta yule mnunuzi Kibaha nzima kumwambia ukweli, na niliyempoteza ni rafiki. Wateja wengine wamenikimbia pia, wanasema nina gundu. Na wale wanaokuja, nikipitisha mkono kwenye magari yao najua mambo ambayo hawakunileta kuyajua.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, hasa kama una gari na umeshalipitisha kwa fundi kimya kimya. Ingia ndani sasa hivi useme. Watakugombeza, watakusema wiki nzima, yataisha. Usiache mpaka umekufa. Maana utakayemwacha ataapa kwa jina la Mungu kwamba ulikuwa mkweli, ataapa kwa moyo wake wote kwa sababu anakupenda, na ni wewe utakayetoka kila alfajiri na kitambaa.